Mara ya Tano kwa Salma

Mwanangu Idrisa,

Nimekaa mezani jikoni, na wewe umetoka na babako kwenda Ghubra kumuaga mama yako mkubwa. Mmeondoka baada ya Magharibi, na najua hamtarudi upesi, kwa sababu Dada Salma hamwachi mtu aondoke kwake mpaka ale mara mbili. Nilisema kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nimebaki ili niandike. Kuna jambo nimejaribu kukwambia kwa mdomo tangu jana, na kila nikianza yanatoka mengine: umechukua chaja, umekata kucha, soksi zako ziko wapi.

Hayo sitayaandika. Babako ameshakupa orodha ya kurasa mbili, na nusu yake nimemwandikia mimi. Hapa nataka nikuandikie habari ya wivu wangu, kwa sababu umeishi ndani yake miaka kumi na minane bila ya kujua jina lake, na kesho unaondoka ukidhani ni kitu kingine.

Nianze na lile neno lako la mwezi uliopita. Tulikuwa tunakula. Babako akakuuliza kwa nini ukasomee udaktari Dar es Salaam, na Malaysia wamekukubali, na wenzako wote wanakwenda huko. Ulikuwa unatoa miba ya samaki. Ukasema, taratibu, bila ubaya wowote, "Nataka kwenda kwetu kwanza."

Babako akacheka. "Na hapa ni kwa nani?"

"Hapa ni kwenu," ukasema.

Mimi nikanyanyuka kwenda kuleta maji, na jagi la maji lilikuwa mezani. Babako alidhani umelitoa neno lile Tanga, kwenye simu zako na Mwanajuma, dada wa marehemu mama yako. Mimi nilijua umelitoa wapi. Ulilitoa kwenye mtandio wangu.

Nilipokuchukua nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa karani katika idara moja ya serikali. Kazi yangu ilikuwa kupokea maombi ya watu, kutazama kama yametimia, na kuyarudisha yasiyotimia. Nilikuwa hodari wa kurudisha. Nilikuwa mwoga pia, Idrisa. Wakubwa zangu waliuita umakini. Miaka sita ya ndoa, hospitali mbili, na kila mara daktari akinitazama kama mimi nilivyokuwa nikiwatazama watu pale dirishani: karatasi yako ina upungufu, bibi.

Mama yako Zuhura alifariki wiki ile aliyokuzaa. Baba yako Hamadi, utingo wa lori, alikuwa ametangulia kwa ajali kabla hujazaliwa. Jamaa wa babako wa Tanga ndio waliotupigia simu. Karatasi zilipotimia ulikuwa na miezi mitano, na jina lako likabaki Idrisa bin Hamadi kama dini inavyotaka. Tulikuchukua kwenye nyumba ya kulelea watoto ukiwa umefungwa kwenye kanga ya mama yako. Mlezi mmoja akanambia, "Hii usimtoe, hulala nayo."

Ulilia kutoka tulipopaa mpaka tulipotua Muscat. Mama mmoja aliyekaa karibu yetu akanigusa bega, kwa huruma tu, akasema, "Mpe nyonyo, mwanangu, usione haya, nitakusitiri." Nikamwambia sina. Akageuza uso dirishani. Mpaka leo nikipanda ndege nalikumbuka dirisha lile.

Kosa langu la kwanza nililifanya siku ya pili, hapa hapa nyumbani Al Amerat. Nilikuona umeikumbatia ile kanga, pua umeizamisha, umetulia kama hujapata kulia. Ulinyamaza kwa kanga, kwangu hunyamazi. Nikaichukua nikaifua kwa sabuni ya unga mara mbili, nikaianika juani. Nilimwambia babako nimeifua kwa sababu ya vijidudu. Ulipopewa tena uliinusa, ukaitupa, ukalia siku tatu. Nilimwonea wivu maiti, Idrisa. Nilimfuta mtu asiyekuwa na kitu kingine duniani cha kukuachia. Kanga iko kwenye begi lako, chini ya mashati. Harufu yake siwezi kukurudishia.

Sasa nije kwenye lenyewe. Unajua, na nilikuwa nikijua, kwamba mtoto wa kiume asiye wa damu yangu akishabaleghe anakuwa kwangu mwanamume wa kando. Nywele zangu asizione, mkono wangu asiushike. Njia ni moja: anyonye kwa dada yangu, niwe mimi khale yake, mama yake mdogo wa maziwa, na hapo ni halali maisha yote. Shekhe aliyeulizwa na babako akasema mara tano, kila mara ashibe mwenyewe aachie. Na Dada Salma alikuwa na Rahma wa miezi miwili na maziwa ya kulisha mtaa.

Salma alikuwa na watoto wanne. Hakuwahi kunifanyia tambo hata siku moja, na hilo ndilo lililokuwa likiniuma zaidi. Angalau angejivuna, nikapata cha kumchukia.

Siku ya kwanza nilikupeleka kwake nikasimama mlangoni mwa chumba. Akakupokea kwa mkono mmoja kama mtu anayepokea mkate.

"Karibu, bwana mkubwa," akakwambia. "We mgeni, kula kwanza, mazungumzo baadae. Rahma, tizama, umepata mshindani." Kisha akaniangalia. "Asya, mbona umesimama kama askari? Kaa. Mtoto hali mtu."

Hukutaka mara moja. Ulihangaika, ukageuza shingo, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Kisha ukashika. Ngumi yako, ambayo tangu Tanga ulikuwa umeifunga, ikafunguka kidole kimoja kimoja juu ya kifua chake.

Nilikuwa nimekwenda na daftari dogo. Nikaandika: moja. Siku ya pili, mbili. Ya tatu. Siku ya nne ulipoachia ulimtazama usoni ukacheka. Kicheko cha sauti, cha kwanza. Nilikuwa nimekaa nawe siku kumi na sita. Nilikuwa nimekuimbia, nimekulilia kama paka na kama mbuzi, nimeficha uso nyuma ya mto mpaka shingo inauma, na hukunipa hata kipande cha tabasamu. Salma hakufanya kitu. Alikuwa anatafuna tende tu, akitazama televisheni.

"He, mwanangu ana vishimo vya mashavu," akasema.

Mwanangu. Kwetu kila mtoto anaitwa mwanangu, hata wa muuza duka. Nilijua hivyo. Nikakuchukua ghafla mpaka ukashtuka.

Siku ya tano nilikutia garini nikavuka mlima kama kawaida. Nilipofika Ghubra, mita mia mbili kutoka kwa Salma, niliingia kwenye maegesho ya duka moja la vifaa vya umeme. Nikatengeneza chupa, nikakupa. Ulikunywa nusu, macho umeyafumba, kama mtu anayekunywa dawa. Nikampigia Salma simu.

"Dada, leo hatuji. Shekhe kasema nne zimetosha."

"Kasema lini?"

"Jana."

"Haya, mdogo wangu. Kama kasema."

Babako aliporudi kazini akauliza, "Zimetimia?" Nikasema zimetimia. Nikaandika tano kwenye daftari. Mimi, niliyekuwa nikiwarudisha wazee majumbani kwao kwa kukosa muhuri mmoja.

Usidhani sikujua ninachofanya. Nilijua vizuri kuliko mtu yeyote. Nilijiambia nitakupeleka wiki inayofuata nikishapoa. Wiki inayofuata likizo yangu ikakwisha, nikarudi kazini, na hakukuwa na mtu wa kunishikia mtoto ila Salma. Kwa hiyo kila asubuhi nilikupeleka kwake nikiwa na mkoba wa chupa nne, kila moja nimeibandika karatasi ya saa. Nikamwambia mtoto ameshazoea chupa, asichanganywe. Akasema sawa. Chupa zilirudi tupu, zimeoshwa.

Jioni ukirudi unanukia udi wa Salma. Nilikuogesha kabla sijavua abaya. Siku moja alinipigia simu akasikia maji. "Umemwogesha tena? Nishamwogesha mie saa kumi. Utamchubua mtoto wa watu."

Nilikaa na hilo neno, mtoto wa watu, mwezi mzima, na yeye alilisema kama tunavyolisema sote, bila kufikiri.

Ulipoanza kusema, ulimwita yeye Mama. Ungemwitaje, na Rahma na kaka zake wote wanamwita hivyo? Nilikuwa nimesimama ukumbini kwake, funguo za gari mkononi. Salma aliruka kama kaungua. Akakugeuza uso ukanielekea. "Huyo ndo mama. Mie mama mkubwa. Sema, mama." Ukasema. Nilimshukuru, na nikamnunia wiki nzima. Sijapata kumwambia kwa nini, naye hajapata kuuliza.

Miaka ikapita na nikasahau. Au nilikuwa nimejifunza kupita pembeni ya jambo kama tunavyopita pembeni ya meza gizani. Mpaka sauti yako ikabadilika. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Uliingia jikoni asubuhi ukasema "Mama, chai iko wapi" kwa sauti ya mwanamume. Kesho yake nilikuwa nimejitanda mtandio ndani ya nyumba yangu.

"Mama, kuna mgeni?" ukauliza.

"Hapana. Nasikia baridi."

Ulitazama dirishani. Ilikuwa mwezi wa saba, Idrisa. Hata kwenye kivuli lami ilikuwa inalainika.

Hukuuliza tena. Wewe si mtu wa kuuliza mara mbili, na hilo sijui umerithi kwa nani, kwa sababu sisi hapa wote ni wapekuzi. Lakini nilikuona ukihesabu. Uliona kwamba mama wa rafiki zako hawajitandi mbele ya watoto wao. Uliona sahani yako naiweka mezani badala ya kukukabidhi. Ulikuwa ukilaza kichwa mapajani mwangu tukitazama tamthilia, ukaacha. Au niseme kweli, nilisogea mara mbili, ukaacha. Na jina lako la karatasi si jina la babako. Ukajumlisha. Ukapata hesabu kwamba mimi, tangu ulipokuwa mtu mzima, nimekumbuka kwamba wewe si wangu.

Kubwa kuliko yote ni siku ile ulipovunjika mkono mpirani. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, umelala kwenye kitanda cha hospitali, meno umeyauma usilie. Nilikaa pembeni yako nikashika kitambaa cha mkono wa shati lako. Kitambaa tu, na vidole vyako vilikuwa hapo hapo. Kisha Salma akaingia anahema, viatu mkononi sijui kwa nini, akakushika uso kwa mikono miwili, akakubusu kipaji, na wewe ndipo ukalia. Mara nne kwa hesabu yangu zilikuwa hazimhalalishii hata yeye kukushika, lakini yeye hakuwa na hesabu, nilidhani anaamini zimetosha. Akageuka akaniona.

"Umeshika nini hapo, shati?"

Nilitoka nikasema nakwenda kutafuta daktari. Nilisimama kwenye ngazi na wivu wangu. Ulikuwa umelia kwa ajili yake, na mimi ulininyima.

Utauliza kwa nini sikuenda kwa shekhe nikasema kweli. Wapo wanavyuoni wanaosema hata mara moja inatosha; nilisoma vitabu, nilisoma kwenye simu kazini nikijifanya nasoma barua. Lakini shekhe wetu alisema tano, na mimi sikuweza kuchagua fatwa kwa sababu inanipendeza. Na kuuliza kungenilazimu kueleza kwa nini niliishia nne. Ningesema nini? Kwamba mtoto alicheka? Aibu ya kulisema hilo ilinishinda, nikaona afadhali nikuchome wewe kidogo kidogo kila siku. Ndivyo ilivyokuwa. Nimelipamba miaka mingi, leo nimelivua.

Jana Salma alikuja kunisaidia kukukunjia nguo. Wewe ulikuwa umekwenda kukata nywele. Alikuwa anakunja suruali zako, anazipiga makofi zinyooke, na mimi nikaona kwamba kesho kutwa sitakuwa na mtu wa kumficha. Nikasema bila ya kumtazama.

"Dada, nilikudanganya. Shekhe hakusema nne."

Akaendelea kukunja. "Najua."

"Unajua nini?"

"Najua hakusema. Shemeji yako alimuuliza msikitini wiki ile ile. Kasema tano."

Nikakaa kitandani. "Kwa hiyo ulijua kwamba hazikutimia, miaka yote hii, na ukanyamaza?"

"Hazikutimia wapi?" Akaweka suruali chini. "Asya, we ukinletea mtoto saa moja asubuhi unakimbilia kazini. Analia mpaka anageuka rangi, chupa anaitema. Ulidhani nitakaa namtizama? Na mie kifua kinanuma kwa maziwa? Nimemnyonyesha mwaka mzima. Tano. Mie hata sikuhesabu."

"Na chupa zangu?"

"Akinywa Rahma. Akizipenda kweli. Hukumwona mashavu?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga. Nikamuuliza kwa nini hakunambia.

"Ningekwambia, ungenletea siku ya pili?"

Jibu alikuwa nalo.

"Na ulipoanza kujitanda," akasema, "nikasema mdogo wangu kazidi dini, si wa kwanza, ntamwingilia vipi." Kisha nikaona uso wake unabadilika, ameanza kuunganisha. "Asya. Hujamshika mtoto miaka mitano kwa ajili hiyo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Salma, ambaye hulia kwenye harusi na kwenye matangazo ya sabuni, jana hakulia. Aliniambia tu, "Mwambie. Usiponambia kama umemwambia, ntamwambia mie." Akarudi kwenye suruali.

Nikueleze nilivyohisi, kwa sababu nimeahidi kusema kweli. Kwanza nilisujudu, pale pale baina ya mabegi. Umekuwa wangu tangu ukiwa na miezi sita. Kila nywele niliyokuficha ulikuwa na haki nayo. Na nilipoinua kichwa kutoka kwenye zulia, Idrisa, kitu cha pili kilichokuja kilikuwa wivu. Mwaka mzima. Kila asubuhi. Mimi nipo dirishani narudisha maombi ya watu, na wewe uko kifuani kwake, na mimi nilishuku, na nilikuwa sawa kushuku. Kile nilichokuwa nakilinda kisitokee ndicho kilichonipa wewe. Ungedhani mtu akijua hivyo anapona. Sijapona. Nashukuru na naona wivu kwa wakati mmoja, na nimeanza kudhani kwamba hivi ndivyo nitakavyozeeka.

Kwa hiyo sina mafunzo makubwa ya kukupa. Ninalo dogo, na limenigharimu. Utampenda mtu, mke au mtoto au mgonjwa wako huko kwenye udaktari, na atakuja mwingine atakayemtuliza kwa urahisi kuliko wewe. Itakuuma. Kaa chumbani. Usigeuze gari. Na ukishageuza, rudi siku hiyo hiyo ukaseme, kwa sababu kesho yake maneno yanakuwa mazito, na mwaka wa pili huwezi kuyanyanyua.

Mwanajuma atakupokea Tanga kabla hujaenda chuoni Dar. Atakuwa na sura ya mama yako, na wewe utaona pua yako kwenye uso wa mtu kwa mara ya kwanza. Ataniambia kwenye simu kwamba umekonda, kwamba mwanangu huyu mmemlisha nini. Nataka sana kukwambia umpende kidogo tu. Nimeliandika ili uone kwamba nimelifikiri. Mpende unavyotaka, na Zuhura kaburini umsomee na umwambie kwamba aliyefua kanga anaomba radhi.

Na ukisema kwenu ni Tanga, sema. Ni kweli. Lakini neno lile ulilolisema mezani, kwamba hapa ni "kwenu", hilo naomba ulirudishe. Hilo lilitokana na daftari langu la uongo.

Barua hii naiweka juu ya pasi yako ya kusafiria, uisome kabla hujatoka chumbani. Sitaki tuizungumze, nitaona haya, na chai itaungua. Utanikuta ukumbini bila mtandio. Nimeota mvi nyingi upande wa kushoto, usishangae.

Mama yako mkubwa atafika mapema. Atakuwa na visheti ndani ya ndoo, atakushika uso, atalia mpaka majirani watoke. Mwache. Mpe haki yake yote, ameipata kihalali, kuliko nilivyokuwa nikijua. Ila mwanangu, watu tutakuwa wengi mlangoni na wakati utakuwa mchache. Nikumbatie mimi kwanza.

Mamako,
Asya